Mapato ya madereva wa mitambo ya shambani na kinachoyatofautisha kutoka eneo hadi eneo

DEREVA wa trekta anayelima mahindi Trans Nzoia na mwenzake anayesomba mkonge Taita Taveta wanalindwa na kima kimoja cha chini cha mshahara. Amri ya serikali inayosimamia mishahara ya sekta ya kilimo nchini Kenya haina kifungu kinachosema kwamba wa Bonde la Ufa apewe zaidi ya wa Pwani, wala kwamba wa Mwea apunguziwe kwa kuwa vishamba vya mpunga ni vidogo. Machoni pa amri hiyo, nchi nzima ni shamba moja.

Hata hivyo, waulize madereva hao walichopeleka nyumbani tangu Januari hadi Desemba nao watakupa majibu yasiyokaribiana. Aliyeko Kitale huenda alishika maelfu ya pesa kwa wiki moja ya Machi, kisha asishike chochote mwezi mzima wa Juni. Wa mkonge alipokea kiasi kile kile kila mwisho wa mwezi, kikiwa kidogo lakini cha uhakika. Nani kati yao aliyefaulu zaidi? Jibu halipatikani kwa kutazama malipo ya siku moja, na hapo ndipo vijana wengi wanaojitosa katika kazi hii hukosea hesabu.

Tofauti ya mapato kati ya eneo moja na jingine hutokana hasa na urefu wa msimu wa kazi, namna malipo yanavyokokotolewa, na mtu au shirika linaloandika dereva kazi. Sheria huweka sakafu tu. Inafaa tuanze na sakafu hiyo.

Kiwango cha kisheria

Mishahara ya chini nchini huwekwa kwa amri za Waziri wa Leba chini ya Sheria ya Taasisi za Leba ya mwaka wa 2007. Zinazomhusu zaidi mwendeshaji mitambo ni mbili: ya sekta ya kilimo, na ile ya jumla inayogusa kazi nyinginezo. Aghalabu nyongeza hutangazwa na Rais katika sherehe za Leba Dei, Mei 1, kisha amri yenyewe huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Baina ya tangazo na amri panaweza kupita miezi. Nyongeza ya asilimia 6 iliyotangazwa Mei 2024, mathalan, ilianza kutekelezwa Novemba 1 mwaka huo, na dereva aliyekwenda kumdai mwajiri wake mwezi wa Juni aliambiwa asubiri.

Amri ya kilimo huwataja waziwazi dereva wa trekta, dereva wa kombaini, yaani mashine ya kuvunia ngano, na dereva wa lori au gari. Mwaka wa 2013 viwango vyao vilikuwa Sh6,153.95, Sh6,779.40 na Sh7,114.60 kwa mwezi, kwa mpangilio huo. Mwaka wa 2015 vikapanda hadi Sh6,892.45, Sh7,592.95 na Sh7,968.35. Nyongeza zilizofuata zilikuwa asilimia 18 mwaka wa 2017, asilimia 5 mwaka wa 2018, asilimia 12 mwaka wa 2022, na hiyo ya 6 ya mwaka wa 2024. Ukizijumlisha zote utapata takriban Sh10,140 kwa dereva wa trekta, Sh11,170 kwa wa kombaini na Sh11,720 kwa wa lori, bila kuhesabu nyumba. Kwa kuwa viwango hivi hurekebishwa mara kwa mara, mwenye kudai haki yake na atafute nakala ya amri iliyochapishwa karibuni zaidi katika afisi ya leba ya kaunti yake.

Msomaji ataona kwamba kati ya 2018 na 2022 hapakuwa na nyongeza yoyote. Miaka minne ilipita bei ya unga na nauli zikipanda huku sakafu ikisalia pale pale.

Kuna jambo jingine linaloshangaza katika amri hiyo. Kibarua asiye na ujuzi wowote ametengewa takriban Sh8,000 kwa mwezi, hivyo basi ujuzi wa kuendesha trekta umethaminiwa kwa Sh2,100 na ushei tu. Karani wa shamba pamoja na nyapara mkuu wametengewa takriban Sh14,430. Yaani anayeandika kitabuni idadi ya magunia yaliyovunwa analindwa kwa kiwango kinachomzidi kwa zaidi ya Sh3,000 yule aliyeyavuna kwa mashine yenye thamani ya mamilioni ya shilingi, akila vumbi kutwa kucha. Si nia yetu kuwadharau makarani. Lakini mpangilio huo ni wa zama ambazo kusoma na kuandika ndiko kulikokuwa adimu shambani, na haujafuata mabadiliko ya kazi yenyewe. Kombaini za siku hizi zina kompyuta ndani, na kosa dogo la dereva humwaga nafaka ya ekari nzima ardhini.

Kutokana na Sh10,140 hizo kuna makato. Bima ya Afya ya Jamii, SHIF, iliyoanza Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara lakini si chini ya Sh300, kwa hivyo dereva huyu hukatwa Sh300 kamili. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 humchukulia takriban Sh152. Hazina ya NSSF huchukua asilimia 6, yaani karibu Sh608, na mwajiri hutakiwa kuweka kiasi kama hicho. Kodi ya mapato haimfikii, maana mshahara wenyewe uko chini mno. Atabaki na takriban Sh9,080 mkononi.

Nyumba ni suala la pekee. Sheria ya Ajira ya 2007 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao yanayofaa karibu na kazini, au amwongezee pesa za kutosha kulipa kodi, isipokuwa pale ambapo mkataba umejumuisha fedha hizo katika mshahara. Mashamba makubwa mengi huwa na vijumba vya wafanyakazi. Kwa dereva anayelala bure shambani na mwenzake anayepanga chumba mjini Eldoret, mshahara unaofanana kwenye karatasi haufanani mfukoni.

Amri ya jumla hufuata utaratibu mwingine kabisa. Hiyo huigawa nchi katika maeneo matatu: miji mikubwa kama vile Nairobi, Mombasa na Kisumu, iliyokuwa manispaa pamoja na miji kama Mavoko, Ruiru na Limuru, kisha maeneo mengine yote. Kuanzia Novemba 2024 kibarua wa kawaida aliwekewa Sh16,113.75 katika miji mikubwa na Sh8,596.46 katika maeneo ya mashambani. Ni amri hii ya jumla inayomtaja dereva wa tingatinga la minyororo, lile linalosukuma udongo barabarani na kuchimba mabwawa, na kiwango chake kinamzidi dereva wa trekta la shamba. Ndiyo maana si ajabu kumkuta kijana aliyejifunzia udereva katika mashamba ya ngano akiwa leo amekalia mtambo wa kampuni ya ujenzi wa barabara. Usukani haujabadilika sana, lakini amri inayomlinda ni nyingine.

Hesabu ya ekari

Katika kaunti za Uasin Gishu na Trans Nzoia, madereva wengi hawalipwi kwa mwezi. Trekta ni la mtu binafsi au mwanakandarasi anayelikodisha kwa wakulima wadogo na wa wastani. Mkulima hulipa bei ya ekari, mwenye trekta hununua dizeli na vipuri, na dereva hupewa fungu lake kwa kila ekari aliyolima. Utingo wake naye hupata kidogo, mara nyingi kutoka mkononi mwa dereva mwenyewe.

Utaratibu huu hupendwa na pande zote mbili. Mwenye trekta hana haja ya kumsimamia dereva, kwa kuwa dereva anayelipwa kwa ekari hujisimamia. Dereva naye huona matunda ya jasho lake jioni ile ile, kwa M-Pesa au kwa noti. Katika majuma ya mwisho kabla ya mvua ndefu, wakati kila mkulima anataka shamba lake liwe tayari mara moja, matrekta hulima hadi usiku kwa mwanga wa taa zake, na dereva hodari hupata kwa siku moja kile ambacho mwenye mshahara hukipata kwa wiki.

Tufanye hesabu kwa mfano tu, kwa sababu fungu la dereva hutegemea mapatano na hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Tuseme dereva anapewa Sh200 kwa ekari, na kwa siku njema analima ekari 8. Hizo ni Sh1,600 kwa siku. Akilipwa hivyo kwa siku 50 za kulima na kupiga haro, atakuwa amekusanya Sh80,000. Ni fedha nzuri, na kijana anayezishika kati ya Januari na Aprili ana haki ya kujiona amefanikiwa.

Sasa zigawe kwa miezi 12. Utapata Sh6,666 kwa mwezi, chini ya sakafu ya kisheria ya dereva wa trekta na hata chini ya ile ya kibarua asiye na ujuzi. Tuongeze siku 30 za kusomba na kupura mahindi mwishoni mwa mwaka kwa Sh1,000 kila siku. Jumla itafika Sh110,000, yaani Sh9,166 kwa mwezi. Dereva wa mshahara wa chini kabisa, anayelipwa Sh10,140 bila kukosa, atakuwa amepokea Sh121,680 kwa mwaka, na bado anadai nyumba na likizo ya siku 21 yenye malipo.

Kwa mfano huo, anayelipwa kwa ekari anahitaji takriban siku 76 kamili za kulima ili amfikie mwenye mshahara wa chini. Siku kamili si siku za kalenda. Mvua ikinyesha udongo huwa tope na trekta huzama. Mpira wa tairi ukipasuka au bomba la mafuta likiziba, siku nzima huishia gereji. Kuna mashamba yenye visiki na mawe ambayo ekari moja hula muda wa ekari mbili, na kuna wakulima ambao hupungukiwa na pesa mchana wa saa saba, dereva akiwa katikati ya kazi. Mwenye trekta hupoteza faida siku hizo, lakini dereva wa ekari hupoteza chakula.

Eneo linaingilia hapa kwa njia nyingi. Penye mashamba makubwa yaliyo tambarare, kama yale ya Moiben na Ziwa, dereva hulima mstari mrefu bila kugeuka. Penye vishamba vya robo ekari vilivyogawanywa kwa urithi, muda mwingi huenda katika kugeuza trekta na kuhama kutoka boma moja hadi jingine, na ekari za siku hupungua hata kama bei ya ekari ni ile ile. Dereva mwerevu huulizia ukubwa wa mashamba kabla ya kuulizia bei.

Wanaofuata ngano

Kundi moja limepata njia ya kuurefusha msimu, nalo ni la madereva wa kombaini. Ngano ya Narok kwa kawaida huanza kukomaa mapema, mnamo Julai na Agosti, ilhali ya Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba. Mwenye mashine asiyetaka ilale bure huihamisha, na dereva husafiri nayo. Timau na Laikipia nako kuna mashamba ya ngano na shayiri yanayohitaji mashine hizo.

Kwa mwaka wenye mvua za kuaminika, dereva wa namna hiyo anaweza kufanya kazi miezi mitano au sita badala ya miwili. Katika kilimo cha msimu, huyu ndiye aliye na nafasi bora zaidi ya kuipita sakafu ya sheria. Lakini safari ina gharama zake. Nani anamlipia chakula na malazi anapokuwa Narok wiki sita? Nani anabeba hasara mashine inapokwama njiani siku tatu? Palipo na mapatano ya mdomo tu, majibu hupatikana baada ya ugomvi. Wazoefu wa kazi hii hukubaliana na mwenye mashine kabla ya kuondoka nyumbani: posho ya kila siku iwe yake hata mashine isipogusa ngano, na fungu la ekari lije juu ya posho hiyo.

Wanaojua kutengeneza huthaminiwa zaidi. Mashine ikiharibika katikati ya shamba mbali na mji, dereva anayeweza kubadilisha mkanda, kukaza mnyororo na kutambua sauti ya beringi inayokaribia kuvunjika humwokolea mwenye mali siku nzima ya mavuno. Tofauti hiyo haimo katika amri yoyote ya serikali, lakini ndiyo inayoamua ni nani atapigiwa simu kwanza msimu ukifika.

Miwa, mpunga na chai

Katika eneo la miwa, kazi kubwa ya trekta ni kusomba miwa hadi kiwandani, na dereva wengi huwa chini ya wanakandarasi wa uchukuzi. Malipo hufuata safari au tani. Msimu wa kuvuna miwa ni mrefu kuliko wa kulima mahindi, hivyo kwa hesabu ya mwaka dereva wa Kakamega au Migori angepaswa kumshinda mwenzake wa Kitale. Kinachomponza ni kiwanda. Kikifungwa, trekta hulala. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliwekwa chini ya mrasimu mnamo 2019 baada ya matatizo ya miaka mingi, na Julai 2023 serikali ilisimamisha usagaji wa miwa kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha mashambani. Dereva wa safari hana safari ya kuhesabu nyakati kama hizo. Hata kiwanda kikiwa kinafanya kazi, foleni ndefu langoni humnyang'anya mapato: anayelipwa kwa safari na akakesha kwenye foleni siku mbili amefanya kazi siku mbili kwa malipo ya moja.

Mwea ni kisa tofauti. Trekta la mpunga huingia majini na kuvuruga tope kwa mashine ya rotaveta kabla ya miche kupandikizwa, kazi inayohitaji mkono mwepesi kwa sababu kina cha tope hakionekani. Kwa miaka mingi uhaba wa maji ulifanya wakulima wengi wategemee msimu mmoja mkuu. Bwawa la Thiba katika Kaunti ya Kirinyaga, lililozinduliwa rasmi Oktoba 2022, lilijengwa ili kuongeza maji na kuwezesha wakulima kupanda mara mbili kwa mwaka. Kwa dereva, msimu wa pili ni muhimu kuliko nyongeza yoyote ya bei ya ekari, maana humwongezea siku.

Kwenye mashamba makubwa ya chai ya Kericho, Bomet na Nandi, pamoja na mengine ya mkonge, maua na mananasi, mambo huamuliwa na mkataba wa pamoja, maarufu kama CBA, kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi. Chama kikubwa hapa ni KPAWU, ambacho kimeongozwa kwa miaka mingi na Francis Atwoli, anayejulikana zaidi kama katibu mkuu wa COTU. Mkataba kama huo ukiwapo, ndio unaotazamwa kwanza: mshahara, nyumba, likizo, posho ya safari na malipo ya uzeeni huandikwa humo, na hauruhusiwi kushuka chini ya sakafu ya serikali. Dereva anayeajiriwa kwenye shamba lenye mkataba na ambaye hajawahi kuuona anajinyima. Na aombe nakala kwa mwakilishi wa chama shambani mwake.

Chai ndiko ambako suala la mitambo limezua uhasama mkubwa zaidi. Mashine moja ya kuchumia chai hufanya kazi ya wachumaji wengi, na waliopoteza kazi hawaishi mbali. Ni majirani na jamaa wa yule aliyepewa kuiendesha. Mei 2023 waandamanaji walichoma mashine za kuchumia chai katika Kaunti ya Kericho. Mwendeshaji wa mtambo kama huo hupima mshahara wake dhidi ya jambo ambalo dereva wa Narok halimfikirishi kamwe, yaani usalama wake kijijini.

Madereva wa serikali

Waendeshaji walioajiriwa na serikali wako katika mizani nyingine. Baada ya ugatuzi kuanza mwaka wa 2013, vituo vya huduma za mitambo ya kilimo vilihamishiwa kaunti, na baadhi ya kaunti zikanunua matrekta ya kuwakodishia wakulima kwa bei nafuu. Dereva wa kituo cha aina hiyo aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu ana kundi la kazi, ngazi za kupanda, bima na pensheni.

Hapa ndipo penye tofauti ya eneo iliyoandikwa rasmi. Mshahara wa msingi wa kundi moja haubadiliki kutoka kaunti hadi kaunti, lakini marupurupu ya nyumba hupangwa kufuatana na mji anaofanyia kazi, Nairobi ikiwa juu. Isitoshe, walio katika maeneo yaliyotambuliwa kuwa magumu, kama vile Turkana, Garissa na Tana River, huongezewa marupurupu ya mazingira magumu. Kwa hivyo dereva wa serikali aliyeko Hola anaweza kumzidi mwenzake wa daraja lile lile aliyeko Kitale, ilhali katika sekta ya kibinafsi hali huelekea kinyume, kwa sababu Kitale ndiko kwenye mashamba na matrekta mengi.

Nafasi hizo ni chache na huhitaji karatasi. Leseni ya udereva iwe na daraja la G, ambalo kwa mpangilio wa NTSA ndilo la mitambo ya viwanda, ujenzi na kilimo. Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, huwafunza waendeshaji mitambo. Aliyejifunza kwa kukaa pembeni ya mjomba wake katika trekta anaweza kuwa stadi kuliko wote, lakini bila cheti mlango huo wa serikali haumfungukii.

Kumbukumbu ndizo ushahidi

Trekta linaweza kupinduka mteremkoni. Mhimili unaozunguka nyuma yake kuendesha mashine ya kupura unaweza kushika koti la mtu na kumvunja mkono kwa nukta chache. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, humtaka mwajiri amkatie mfanyakazi bima, na hutoa fidia ya mapato ya miezi 96 kwa anayepata ulemavu wa kudumu wa kutoweza kufanya kazi tena. Ajali huripotiwa kwa idara husika na mwajiri katika muda wa siku 7, na dai linafaa kuwasilishwa kabla ya miezi 12 kupita.

Mapato ya miezi 96 ya nani? Kwa dereva mwenye hati ya mshahara wa Sh10,140 ni Sh973,440. Iwapo mwajiri atamwandika kuwa kibarua wa kawaida wa takriban Sh8,000, fidia hiyo hupungua kwa zaidi ya Sh200,000. Na kwa dereva wa ekari asiye na karatasi yoyote, ubishi huanzia kwenye swali la kama alikuwa ameajiriwa kamwe au alikuwa akipita tu.

Hapo ndipo daftari dogo la mfukoni linapothibitisha thamani yake. Andika tarehe, jina la shamba, ekari ulizolima, kiasi ulicholipwa na aliyekulipa. Ujumbe wa M-Pesa usifutwe. Baadhi ya wenye matrekta sasa hufunga vifaa vya GPS vinavyoonyesha trekta lilipopita na ekari zilizolimwa. Rekodi hizo zinaweza kumsaidia dereva kama zinavyomsaidia mwenye mali, almuradi ajue kwamba zipo na aziulize.

Sheria ya Ajira ina vifungu viwili ambavyo kila dereva wa msimu angefaa kuvijua. Kifungu cha 37 husema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kutarajiwa kukamilika kabla ya miezi mitatu kwa jumla, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na hapo haki kama vile notisi humhusu. Kifungu cha 10 nacho humtwika mwajiri mzigo wa ushahidi: akishindwa kutoa maelezo ya maandishi ya kazi mbele ya mahakama, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa na mfanyakazi. Aidha, mapatano ya kukubali malipo yaliyo chini ya sakafu ya kisheria hayamfungi mfanyakazi, hata kama aliyatia sahihi.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa afisa wa leba wa kaunti, na yasipotatuliwa huenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Muda wa kudai malipo yanayotokana na mkataba wa kazi ni miaka 3 tangu haki hiyo ilipovunjwa. Dereva anayekumbuka kupunjwa misimu minne iliyopita atakuwa amechelewa kwa msimu wa kwanza, na kwa ile iliyosalia ataulizwa alete daftari.